Naşit Bey na Kifungu cha Tisa

Profesa Naşit Sunguray, ambaye wengi wetu tulimwita kwa heshima Naşit Bey tangu kabla watu wa nchi hii hawajapewa majina ya ukoo, alistaafu rasmi Jumatatu, tarehe 1 Machi 1948, baada ya kulitumikia taifa kwa miaka arobaini na miezi sita. Kati ya hiyo, kumi na saba aliitumia hapa Chuo cha Sheria za Ardhi, Ankara, katika chumba namba saba, upande wa jengo usiopata jua. Jarida letu huwaaga wastaafu kwa ukurasa mmoja. Safari hii mhariri ameongeza nafasi, akiomba tu kwamba tusiwahuzunishe wasomaji. Tutajitahidi.

Naşit Bey alizaliwa Kastamonu, mtoto wa fundi wa matandiko ya punda. Mama yake hakujua kusoma, lakini hakuwahi kusahau wakati aliomzaa: ilikuwa baridi ile ambayo dari ya hamamu, lile bafu la umma la sokoni, iliporomoka kwa uzito wa theluji. Msomaji aikumbuke hamamu hiyo, kwa sababu tutairudia.

Aliingia utumishi Septemba 1907, karani mdogo wa hati za ardhi katika mji wake. Baadaye alisomea sheria Istanbul, kisha akawa mkaguzi. Kwa miaka mingi alizunguka Anatolia juu ya nyumbu, akipima kwa macho malisho ya vijiji na kusikiliza wazee wakigombana kuhusu mpaka uliowekwa na babu wa babu zao. Alikuwa akisema kwamba sheria ya ardhi haikuandikwa Istanbul. Iliandikwa na mbuzi, serikali ikaja kuweka muhuri.

Mwaka 1920 watu wa Kastamonu walimtuma Ankara kuwa mbunge. Wabunge wa wakati ule walikalia madawati ya watoto wa shule, magoti yakigusa videvu, na taa ilikuwa ya kuazima kutoka mkahawani. Naşit Bey aligawana dawati na Sheikh Abdülgafur wa Sivas, mtu wa kilemba kikubwa, aliyepinga karibu kila alichokisema mwenzake. Mchana walirushiana maneno. Usiku, bwenini, waligawana blanketi, maana lilikuwa moja.

“Vuta kwako kidogo, ewe mpotovu,” Sheikh alikuwa akimwambia. “Mungu hapendi mtu afe kwa baridi kabla hajashindwa hoja.”

Mwaka 1925, wanaume walipoamriwa kuvua tarbushi na kuvaa kofia za ukingo, Naşit Bey alichelewa kufika dukani. Zilibaki kofia za vichwa vikubwa tu. Alinunua moja ya kijivu na kukunja gazeti ndani yake ili isimshukie machoni. Hakununua nyingine tena. Kila mwaka mpya alibadilisha gazeti, akisema kwamba hiyo ndiyo njia yake ya kuwa na habari kichwani. Wanafunzi wetu wote wanaijua kofia hiyo. Aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na mlango wake ulikuwa wazi siku zote, kwa hiyo kila apitaye alilazimika kurudi nyuma kidogo na kuchungulia: kofia ikiwapo, Mwalimu yupo.

Zilipokuja herufi mpya za Kilatini badala ya zile za Kiarabu, mwaka 1928, alikuwa mmoja wa waliozipigia kura kwa mikono miwili. Wiki ya kwanza ya Novemba aliingia kwa fahari darasa la jioni alilokuwa akifundisha hapa chuoni, akashika chaki na kuanzia kona ya kulia ya ubao, kama mkono wake ulivyozoea maisha yote. Chaki iligonga fremu baada ya herufi tatu.

“Mwalimu, somo limekwisha?” aliuliza mmoja kutoka nyuma.

“Upande huu limekwisha,” alijibu. “Tuhamie ule.”

Na akavuka ubao mzima, darasa likicheka, naye akicheka zaidi yao.

Alikuwa waziri kwa miezi kumi na moja, kuanzia mwishoni mwa 1926. Kuhusu kipindi hicho hakupenda kusimulia, ila kwamba kiti kilikuwa kirefu na miguu yake haikufika chini. Lakini ni katika miezi hiyo ndipo majalada ya watumishi wote yalinakiliwa upya, ili tarehe za zamani zibadilishwe ziwe za kalenda mpya. Katika jalada lake palikuwa na mwaka wa kuzaliwa tu: 1300. Wenye umri wa Naşit Bey wanajua tabu iliyokuwapo. Tulikuwa na miaka miwili kwa wakati mmoja: mwaka wa Hijra, uliohesabiwa msikitini, na mwaka wa serikali, uliohesabiwa ofisini. 1300 ya huku haikuwa 1300 ya kule. Zilipishana kwa miaka miwili. Karani aliyenakili alichukua ile ya msikitini na kuandika 1883. Hamamu ya Kastamonu iliporomoka 1885. Jalada lilipelekwa kwa Waziri kutiwa sahihi pamoja na mengine mengi, na Waziri, aliyekuwa na mgeni mlangoni, alitia sahihi.

Mafanikio makubwa ya Naşit Bey bungeni ni sheria ya kustaafu ya mwaka 1930, ambayo kamati yake iliiandika. Zama zile maofisa waliokaribia ukomo wa utumishi walikuwa na dawa yao: walikwenda mahakamani na mashahidi wawili na kutoka wakiwa vijana. Palikuwa na mkuu wa mkoa mmoja ambaye, kwa hukumu halali, alikuwa mdogo kuliko mkwe wake. Naşit Bey alisimama siku hiyo na kusema maneno ambayo magazeti yaliyachapa: “Waheshimiwa, katika nchi hii wazee huzaliwa upya kila bajeti inapokaribia.” Kisha akasoma kifungu cha tisa. Mtumishi atastaafu akitimiza miaka sitini na mitano. Tarehe ya kuzaliwa ni ile iliyo kwenye jalada lake. Badiliko lolote linalofanywa baada ya kuingia kazini, hata kwa amri ya mahakama, halitahesabiwa.

Sheikh Abdülgafur, ambaye alikuwa bado mbunge na bado mpinzani, aliinuka taratibu.

“Na siku yako ikifika, Naşit Bey, utasema nini?”

“Sitasema kitu. Nitachukua kofia yangu niende.”

“Basi gazeti lako usilisahau!”

Bunge zima liliangua kicheko, na kifungu kikapita. Sheikh alifariki miaka michache baadaye. Naşit Bey alikwenda Sivas kwa treni, akalibeba jeneza, na tangu hapo alilalamika kwamba hakuna tena mtu wa kumbishia.

Mwaka 1931 alisimama kupinga kanuni iliyowapa wenye mashamba makubwa nafasi ya kuzungushia ua malisho ya vijiji. Alishindwa, na uchaguzi ulipofuata jina lake halikuwamo kwenye orodha ya wagombea. Ndipo alipokuja kwetu moja kwa moja, na kuanzisha Idara ya Sheria ya Ardhi ya Zamani. Ilikuwa idara ya mtu mmoja. Wengi waliicheka. Nani anahitaji sheria ya dola iliyokufa? Lakini dola ilikuwa imekufa na mipaka yake ya mashamba ilikuwa hai, na mahakimu vijana, waliosoma katika herufi mpya, hawakuweza kusoma hata hati moja ya zamani iliyowekwa mezani kwao.

Wanakijiji ndio walioelewa upesi. Siku ya Alhamisi Naşit Bey hakuwa na darasa, na bila tangazo lolote Alhamisi ikawa siku yao. Walikaa kwenye benchi la ukumbini na hati zao zikiwa zimefungwa kwenye vitambaa, wakinuka moshi na kondoo, wakinywa chai aliyowanunulia yeye. Mkuu wa chuo aliyetangulia alijaribu kulipiga marufuku benchi hilo. Naşit Bey alimwuliza kama angependa liwekwe ndani ya ofisi yake, na halikuzungumzwa tena.

Mwaka 1943 alipata msaidizi, binti mmoja, Mediha Hanım, aliyekuwa mwanafunzi wetu. Alimfundisha hati za zamani kama fundi anavyomfundisha mwanagenzi: kwanza kusoma, kisha kutilia shaka, kisha kupanda gari la mizigo na kwenda kuliona lile jiwe la mpaka. Kanuni ya chuo ni kwamba idara isiyo na profesa hufungwa na wafanyakazi wake kuhamishwa. Mediha Hanım alihitaji miaka miwili kumaliza tasnifu yake na kufanya mtihani wa kupanda daraja. Naşit Bey alikuwa amepiga hesabu kwa baridi ya hamamu.

“Tuna majira mawili ya baridi, binti yangu,” alimwambia majira ya kiangazi yaliyopita, mbele ya wote waliokuwa wakinywa chai. “Ya kwanza andika. Ya pili nitakutesa kwa maswali. Halafu wewe utakaa kiti hiki, na mimi nitakaa pale kwenye benchi na wanakijiji, nikuone unavyohangaika.”

Tarehe 20 Oktoba 1947 ilifika taarifa ya pensheni. Ilisema kwamba kwa mwaka ulio kwenye jalada lake, 1883, atastaafu mwisho wa Februari.

Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Sisi tulimwambia pole hata hivyo, na yeye akatushukuru mmoja mmoja, kama mtu anayepokea rambirambi.

Mediha Hanım hakusema pole. Aligonga meza.

“Mwalimu, hili si badiliko la umri. Ni kusoma vizuri kilichoandikwa! 1300 ya serikali haijawahi kuwa 1300 ya msikitini. Nitaandika hoja mimi mwenyewe, leo hii.”

“Sahihi iliyo chini ya 1883 ni ya nani?”

“Ni yako, lakini…”

“Binti yangu, mimi nimewaona watu wakipoteza mashamba kwa alama ya kidole gumba ambacho hawakujua kinagusa nini. Nilikuwa nikiwaambia: pole, lakini kidole ni chako. Mimi nilitia sahihi kwa kalamu ya waziri.”

“Kwa hiyo idara ife kwa sababu ya karani mmoja?”

“Karani alikosea. Mimi sikusoma. Hayo ni mambo mawili.”

Kwa wiki kadhaa alibaki na msimamo huo, na baadhi yetu tulimsifu kwa hilo. Sifa zetu hazikumsaidia mtu. Desemba, mahakama ya Haymana iliomba maoni ya idara kuhusu malisho ya kijiji cha Kızılöz, ambayo tajiri mmoja amekwisha kuyazungushia waya. Kesi ilipangwa Juni. Mahakama inataka maoni ya idara, si ya mtu binafsi, yatolewe mbele ya hakimu siku ya kesi. Naşit Bey aliisoma barua hiyo mara mbili, akamtazama Mediha Hanım aliyekuwa ameinama juu ya hati zake karibu na jiko la makaa.

Alhamisi, tarehe 15 Januari, hakuwapokea wanakijiji. Aliwaomba radhi, akavaa koti lake zuri na kwenda kwa ofisa mkubwa anayeshughulikia pensheni, ambaye alikuwa mwanafunzi wake. Yaliyotokea huko alitusimulia mwenyewe jioni ile, amekaa bila kuvua koti, glasi ya chai ikipoa mkononi.

“Alinibusu mkono. Akanipa kiti chake, akaagiza kahawa. Nikamwambia, ‘Mwanangu, katika maisha yangu sijaomba, kwa hiyo sijui kuomba vizuri. Nipe miaka miwili. Si kwa ajili yangu.’ Kisha akasimama wima kama siku ya mtihani na kunisomea kifungu cha tisa, neno kwa neno. Macho yake yalijaa machozi, lakini hakuruka neno.”

Aliizungusha glasi mkononi.

“Mwaka 1934 nilimpa kumi kwa kumi kwa kifungu hicho,” aliendelea. “Hata leo ningempa kumi.”

Mediha Hanım alitoka nje. Naşit Bey alimtazama akitoka, kisha akasema polepole, “Nilidhani nimeifungia mlango mijizi. Kumbe sikuweka dirisha.”

Mkuu wa chuo wa sasa alijaribu njia nyingine mbili, ambazo hatuna haja ya kuzitaja, kwa kuwa zote ziliishia kwenye kifungu kilekile. Kilikuwa kimeandikwa vizuri mno.

Sherehe ya kuaga ilifanyika Jumamosi, tarehe 28 Februari, katika ukumbi mkubwa. Watu walikuwa wengi kuliko viti. Wafanyakazi walimpa saa ya mezani, na wanafunzi picha ya darasa. Palikuwa na chai, mikate ya pete yenye ufuta, na dengu zilizochomwa ambazo mtu fulani alikumbuka kwamba Naşit Bey anazipenda. Hotuba zilikuwa saba. Ya nane alitoa mkewe, Şaheste Hanım, bila kuombwa, akiwa amekaa palepale mstari wa mbele.

“Miaka arobaini nimemwomba huyu bwana aje nyumbani mapema,” alisema. “Leo kaja mapema miaka miwili, na sijui nimfanye nini.”

Watu walicheka. Kisha wakaacha, kwa sababu yeye hakuwa akicheka.

Naşit Bey alisema machache. Aliwashukuru wahudumu wa chai kabla ya maprofesa. Alisema kwamba sheria nzuri humpata hata aliyeitunga, na kwamba hilo linapaswa kumfurahisha, na kwamba anasubiri furaha hiyo ifike. Alimwita Mediha Hanım mbele, akamkabidhi kioo chake cha kukuzia maandishi, kile chenye mpini wa mfupa. Mediha Hanım akambusu mkono na kuuweka kwenye paji la uso, na akakaa hivyo kwa muda mrefu, hata mpiga picha alishusha kamera yake.

Nje theluji ilikuwa ikianguka. Naşit Bey alishuka ngazi akiwa ameshikana mkono na Şaheste Hanım, kichwa wazi, mvi zake zikishika theluji. Tulidhani kofia ameishika mkononi. Ni jioni tu, mhudumu alipokwenda kufunga chumba namba saba, ndipo ilipoonekana kwenye msumari wake. Mtu aliyeliambia Bunge kwamba atachukua kofia yake na kwenda, alikuwa amekwenda bila hiyo. Kama alisahau au aliiacha, hatukumwuliza.

Idara imefungwa. Mediha Hanım amehamishiwa shule ya wasichana Erzincan, kufundisha uraia, na ataondoka tarehe 1 Aprili. Siku hiyohiyo chumba namba saba kitakabidhiwa somo la kodi. Barua ya Haymana imerudishwa mahakamani na maelezo kwamba idara husika haipo.

Haya ndiyo maisha ya kazi ya Naşit Bey, na desturi inataka tumalizie kwa shukrani. Lakini kuna jambo moja la kumweleza kwanza, kwa kuwa jarida hili humfikia nyumbani.

Naşit Bey, Alhamisi tarehe 4 Machi alikuja Satılmış Ağa, mkuu wa kijiji cha Kızılöz, na wazee wawili. Walitembea tangu alfajiri kwa sababu barabara imefungwa na theluji. Karani wa zamu aliwapokea.

“Mwalimu yupo?”

“Amestaafu, mzee wangu.”

“Amestaafu kwa nini? Anaumwa?”

“Haumwi. Ametimiza miaka sitini na mitano.”

“Miaka sitini na mitano! Baba yangu alilima mpaka themanini, na aliacha kwa sababu ng'ombe alikufa. Nani amesema sitini na mitano?”

“Ni sheria.”

“Sheria ya nani hiyo?”

Karani alipanga karatasi zake. Satılmış Ağa alisogea mlangoni, akarudi nyuma hatua moja kama ulivyowazoesha, akachungulia nyuma ya mlango. Uso wake ukakunjuka.

“Wewe kijana una maneno!” alimwambia karani. “Kofia yake si ile? Theluji yote hii, mtu mzima ataenda wapi bila kofia? Njooni tukae.”

Wakakaa benchini. Mhudumu akawaletea chai, na hakuna miongoni mwetu aliyekuwa na moyo wa kuwainua. Walingoja mpaka milango ilipofungwa, wakaaga kwa adabu, wakasema bila shaka umepata dharura. Alhamisi iliyofuata walikuja watano.

Tunakushukuru, Naşit Bey, kwa yote uliyotufundisha, hata lile ambalo hukukusudia. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na chai isiyopoa mkononi, wewe na Şaheste Hanım. Kofia tumeipangusa vumbi, na gazeti lililomo ndani ni la mwaka huu. Hatujaiondoa msumarini. Kesho ni Alhamisi.